Rongo: Jina Moja na Wamiliki Wake Wengi

Majina ya mahali yana tabia mbili zisizopatana: kwa upande mmoja kila jina hudai kwamba pahali linapopaita hapana pa pili, na kwa upande mwingine sauti ambazo kinywa cha binadamu chaweza kuzitamka kwa wepesi ni chache kuliko miji, mito na vilima vinavyotaka kuitwa, kwa hiyo majina hugongana, na yakigongana, wasikilizaji hutafuta udugu baina yao hata pale ambapo hapana udugu wowote. Rongo, mji wa Kaunti ya Migori uliopo kwenye barabara kuu itokayo Kisii ikaelekea Migori hata Isebania mpakani mwa Tanzania, umejaliwa sehemu kubwa ya mkanganyo wa namna hii. Jina lake husikika kama neno la Kiswahili cha Mombasa, hufanana na lakabu ya wafua chuma wa upande wa pili wa Ziwa Viktoria, lina sura ya jina la mungu wa mazao katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na hapohapo nyumbani, bila kuvuka hata mto mmoja, lina maana nne au tano ambazo mipaka yake haifanani. Nasema mapema kwamba, kwa maoni yangu, mengi ya mafanano hayo ni ya sadfa, na kwamba atakaye kuijua maana ya Rongo atafaidika zaidi akilitazama jina moja lisilofanana nalo kabisa, nalo ni Kamagambo.

Kwa msafiri, Rongo ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya Homa Bay inapoachana na ile ya Kisii na Migori, na makanga wanaonadi safari zao kando ya matatu hulitumia jina hilo kwa maana finyu kabisa: steji, soko, maduka yaliyoipa barabara uso, na bodaboda wanaongoja abiria wa vijijini. Mtu akishuka hapo huku matrekta yaliyosheheni miwa yakipita polepole, amefika Rongo, na akitembea mwendo wa nusu saa akaingia mashambani, mwenye matatu atamwambia kwamba amekwisha toka Rongo. Walakini kwa karani wa serikali bado yumo, kwa kuwa Rongo ya karani ni kaunti ndogo nzima, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliiandikia zaidi ya watu laki moja, walio wengi wao wakiishi kwenye mashamba ya miwa, mahindi na ndizi, mbali na maduka ya mjini. Fauka ya hayo iko Rongo ya mpiga kura, yaani jimbo la uchaguzi, lililowahi kuwakilishwa bungeni na watu waliokuwa mawaziri, mathalan Dalmas Otieno na Ochillo Ayacko. Na jimbo hilo halikuwa siku zote na ukubwa lilio nao leo, kwa sababu kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013 lilimegwa, na sehemu yake ya kusini ikawa jimbo la Awendo. Mtu aliyezaliwa Awendo mwaka 1970 alikuwa raia wa Rongo kila alipokwenda kupiga kura, kisha siku moja akaacha kuwa raia wa Rongo bila kuhama nyumba yake wala kubadili jirani.

Hapa sina budi kuongeza jambo dogo ambalo laonyesha jinsi majina ya utawala yanavyoishi baada ya utawala wenyewe kufa. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanzishwa mwaka 1979, huitwa SONY, na mgeni asiyejua hudhani kuna uhusiano na kampuni ya Kijapani iundayo redio na televisheni. Kumbe ni kifupisho cha Nyanza ya Kusini kwa Kiingereza, na timu ya kandanda ya kiwanda hicho, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006, ilipeleka jina la wilaya katika viwanja vyote vya nchi, ilhali wilaya yenyewe ya Nyanza ya Kusini ilikuwa imekwisha gawanywa na jina lake kufutwa kwenye milango ya ofisi. Kabla ya hapo eneo hilohilo liliitwa Kavirondo ya Kusini, na wenyeji walilichukia jina la Kavirondo kwa kuwa walipewa na watu wa nje na kwa kuwa lilikuwa na harufu ya dharau. Likaondolewa, hata Ghuba ya Kavirondo ikawa Ghuba ya Winam. Majina makubwa ya eneo hili, basi, yamekuja na kwenda kwa amri, na Rongo ya karani ni moja katika silsila hiyo.

Lakini chini ya majina ya amri yako majina yasiyongoja amri. Jimbo la Rongo lina kata nne, na atakayezisoma kwenye karatasi atashangaa kuona kwamba hakuna hata moja iitwayo Rongo: iko Kamagambo ya Kaskazini, ya Kati, ya Mashariki na ya Kusini. Katika Kijaluo, Ka- mwanzoni mwa jina hufanya kazi ileile ya kwa yetu katika majina kama Kwa Jomvu ya Mombasa au Kwa Aziz Ali ya Dar es Salaam: huonyesha kwamba mahali pana mwenyewe, na aghalabu mwenyewe huyo ni jadi ambaye watu hujihesabu kuwa wazao wake. Kusini mwa Nyanza kumejaa majina ya namna hii, Kanyamkago, Kadem, Karungu, Kanyamwa, na kwingineko Karachuonyo na Kasipul. Kila moja ni ardhi na ni watu kwa pamoja, hata mtu akisema yeye ni wa Kamagambo amekwisha kujibu maswali mawili, anakotoka na ukoo wake. Rongo hailijibu swali la pili. Hakuna mtu anayejiita mzao wa Rongo, na sijui tambiko wala urithi wa shamba unaofanywa kwa jina hilo.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa jambo lote, nami nataka kukaa nayo kidogo. Wamisionari wa Kiadventista, ambao walianza kazi yao Gendia kwenye mwambao wa Ziwa mwaka 1906 na kuenea kusini katika miaka iliyofuata, walipojenga kituo na shule katika nchi hii waliziita Kamagambo, kwa sababu walikuja kwa watu, na watu walikuwa na jina. Serikali ya baadaye ilipotaka makao ya ofisi ilikwenda penye barabara na soko, na soko lilikuwa na jina la Rongo. Ndivyo jina la soko lilivyopanda daraja, kutoka steji hadi tarafa, hadi jimbo, hadi wilaya, na hatimaye kaunti ndogo, na jina la ukoo likabaki chini yake, limegawanywa mafungu manne kwa dira. Mtu akisikiliza tangazo la msiba redioni, marehemu hurejeshwa Kamagambo. Akisikiliza habari za siasa, mbunge huwa ni wa Rongo. Watu ni walewale, na udongo ni uleule, ila jina moja ni la kuzaliwa na kuzikwa, na la pili ni la kufanyia biashara na kupigia kura. Wala mwenyeji hababaiki kuchagua lipi la kutumia, kama ambavyo mtu wa pwani hababaiki kati ya jina lake la nyumbani na lile lililoandikwa kwenye cheti.

Sasa tuingie katika mafanano ya sauti, na kwa haki tuanze na sikio la Mswahili. Mwenyeji wa Mvita husema urongo na mrongo pale ambapo vitabu vya shule husema uongo na mwongo, na matamshi yake si makosa wala si ya kigeni. Ni ya kale kuliko yale ya vitabu. Kiswahili kimeidondosha l au r baina ya irabu katika maneno mengi ambayo lugha ndugu zake zimeyahifadhi: Mganda husema kuzaala na kutwala, sisi twasema kuzaa na kutwaa. Katika neno hili Kimvita kiliihifadhi sauti hiyo na Kiunguja kikaiacha. Na kwa kuwa mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaieneza mashuleni, urongo ukabaki kuwa neno la mitaa ya Mji wa Kale, la mashairi na la wazee. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayepanda basi la kwenda Nyanza na kusoma Rongo kwenye kibao cha barabara huwa na sababu ya kutabasamu ambayo mtu wa Dodoma hana. Na akiendelea na njia ya Homa Bay tabasamu lake litaongezeka, kwani homa kwake ni maradhi, ilhali mlima uliolipa mji huo jina lake huitwa na Wajaluo Got Marahuma, yaani mlima mashuhuri.

Wala mzaha haukomi hapo. Karibu na Rongo kuna shule mashuhuri ya sekondari ya wavulana iitwayo Kanga, na kanga kwa Mswahili ni ndege mwenye madoadoa, tena ni nguo ya akina mama yenye methali. Na ajabu ni kwamba mji jirani wa Awendo ndio unaomaanisha ndege huyo kwa Kijaluo, basi mtu afasiriaye Awendo atapata Kanga, na afasiriaye Kanga kwa Kiswahili atarudi Awendo, na atakuwa amekosea safari zote mbili. Mto unaoteremka kutoka nyanda za Kisii, ambao Wagusii huuita Gucha, Wajaluo huuita Kuja, nao huja kweli kila masika, ukafurika mabonde ya Nyatike karibu na Ziwa, walakini jina lake halikutoka katika kitenzi chetu. Hata Kamagambo haikusalimika: Mnyarwanda hulisikia ndani yake neno amagambo, yaani maneno, na Mganda hukumbuka ebigambo vyake. Ukiwakusanya Mnyarwanda na mtu wa Mvita katika steji moja, watakubaliana kwamba wamefika mahali pa maneno ya urongo, na mwenyeji atawatazama asijue wanachekea nini.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu yanatoa kipimo. Sikio la kila lugha hukata sauti za kigeni kwa mkasi wake lenyewe, na lugha zetu za Kibantu, kwa kuwa silabi zake ni fupi na huishia kwa irabu, hupata maneno yake popote zinapoyatafuta. Ili mafanano yawe nasaba, hayana budi kuwa na mashahidi wengine: lugha iliyotoa jina ijulikane kuwa ilisemwa pale, au watu waliohama wajulikane kuwa walihama, au maana iwafikie wenyeji wenyewe. Rongai yafaa kuwa mfano wa nasaba ya kweli. Kuna Rongai katika Nakuru, kuna Ongata Rongai katika Kajiado, na kuna Rongai kwenye mteremko wa kaskazini wa Kilimanjaro, ambako wapandaji mlima huanzia njia yenye jina hilo. Zote tatu zimo katika nchi waliyoichunga Wamaasai, na katika lugha yao ongata ni uwanda na rongai ni hali ya wembamba. Hapo mashahidi wote wapo. Vijana wa Nairobi wameikata ile ya Kajiado ikawa Ronga, na hivyo wameifikisha irabu moja tu mbali na mji wetu wa Migori. Lakini ukaribu huo ni wa mwaka juzi, umetengenezwa na midomo yenye haraka.

Shauri gumu zaidi ni la Warongo. Kusini-magharibi mwa Ziwa, katika nchi ya Uzinza na Geita huko Tanzania, waliishi wayeyushaji na wafua chuma walioitwa Warongo, au Barongo kwa kauli ya huko, ambao wanahistoria huwaeleza kuwa walikuwa chama cha kazi kuliko kuwa kabila la damu moja: mtu aliweza kuingia katika kazi hiyo kwa kufundishwa na kwa kushika miiko yake, wakahama pamoja na tanuri zao kufuata madini na kuni za makaa, na majembe yao yakasafiri katika biashara hata kwa Wasukuma. Jina lao, basi, lilitaja ujuzi. Mchunguzi mmoja wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alikwenda kwa wazee wa kazi hiyo ili kuona jinsi udongo wa tanuri ulivyochaguliwa, mivuo ilivyovuviwa, na miiko iliyolifananisha tanuri na mwanamke mja mzito ilivyotunzwa. Na masimulizi ya namna hii yanaonyesha kwamba kwao jina na kazi havikuachana. Sasa mwandishi mwenye pupa angeweza kujenga daraja juu ya maji: Geita ina dhahabu, na Rongo ya Migori ina dhahabu, kwani wachimbaji wadogo wanaiandama mishipa yake katika vilima vya Kitere, koo nyingi za kusini mwa Nyanza zina asili ya Kibantu na masimulizi ya kuvuka Ziwa kwa mitumbwi, kwa nini basi jina lisivuke pamoja nao? Jibu langu ni kwamba dhahabu haihitaji jina ili ipatikane katika pande mbili za ziwa moja, na miamba ya kale ya eneo hili imeitandaza bila kujali waliokaa juu yake. Na kuhusu kuvuka Ziwa, waliovuka walileta majina ya jadi zao, yaliyoko hata leo katika zile Ka- tulizozitaja, wala hawakuacha soko moja peke yake liwe ushahidi wa hijra yao. Hoja hii si kinga ya milele, ila mpaka shahidi apatikane, Warongo na Rongo watabaki majirani wa sauti.

Majina mengine ya Afrika yanaweza kupitiwa kwa haraka. Erongo ni mlima wa Namibia uliolipa jina jimbo lenye makao yake Swakopmund, penye jangwa linalogusa bahari ya baridi. Ronga ni lugha ya watu wa Maputo, ambayo Mswisi Henri-Alexandre Junod aliiandikia mengi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Hakuna kati ya hayo linalotusaidia Migori.

Jina la Pasifiki, kwa upande wake, linastahili kituo kirefu zaidi, si kwa kuwa lina udugu na letu, bali kwa kuwa linaonyesha familia kamili ya maneno, jambo ambalo mafanano ya nasibu hayawezi kulionyesha. Kwa Wamaori wa New Zealand, rongo ni kusikia na ni habari. Rongopai, habari njema, ndiyo Injili. Rongo mwenyewe ni mungu wa viazi vitamu na wa mazao yapandwayo, na kwa kuwa kilimo hakipatani na vita, jina lake hutumika pia kwa amani. Ukivuka bahari hadi Hawaii, r inageuka l na ng inageuka n, nawe unampata Lono, ambaye msimu wake ulikuwa ukiadhimishwa nahodha James Cook alipotia nanga katika ghuba ya Kealakekua mwaka 1779, kabla hajauawa hapo tarehe 14 Februari mwaka huohuo. Na wataalamu wanabishana hadi leo kama wenyeji walimdhania kuwa ndiye. Ukienda mashariki hadi kisiwa cha Rapa Nui, unakuta rongorongo, maandishi yaliyochongwa juu ya vibao vya mti, ambayo mtawa Mfaransa Eugène Eyraud aliyaona mwaka 1864, muda mfupi baada ya majahazi ya watekaji kutoka Peru kuwachukua watu wengi wa kisiwa, wakiwamo huenda waliojua kuyasoma. Vibao vilivyobaki havifiki thelathini, na hakuna hata leo aliyevifasiri. Kusikia, habari, kusoma kwa sauti, amani: maana hizi zinashikana mikono, na mabadiliko ya sauti kutoka kisiwa hadi kisiwa yanafuata kanuni. Hivyo ndivyo nasaba inavyokuwa. Msomaji ataona pia kwamba ng ya huko hutamkwa kama ng' ya ng'ombe, isiyo na g nyuma yake, kwa hiyo kwa tahajia yetu mungu huyo ni Rong'o. Nayo ng ya mji wetu ni ile ya ngoma, yenye g inayosikika kabla ya irabu, na Kijaluo, kama Kiswahili, kinazitenga sauti hizo mbili wala hakizichanganyi. Hata mafanano ya sauti, basi, yalikuwa ni mafanano ya herufi tu.

Baada ya mzunguko huo wote tunarejea kwenye kilima cha Kitere, ambako maana ya mwisho ya jina ingali inatengenezwa. Chuo kilichokuwa taasisi ya ufundi kilifanywa mwaka 2011 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na tarehe 7 Oktoba 2016 kikapewa hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Rongo. Tangu hapo vijana kutoka sehemu nyingi za nchi huja na masanduku yao, wakapanga vyumba, wakajifunza bei za sokoni na maneno machache ya Kijaluo, kisha wakaondoka na shahada. Kwao Rongo haikuwa kaunti ndogo wala jimbo, na wengi wao huondoka bila kujua kwamba miaka yao yote ya masomo waliishi Kamagambo. Jina lililoanza kama la soko sasa limechapwa juu ya karatasi zinazoning'inia katika sebule za mbali, na mwajiri wa Mombasa anayezisoma hulitamka kwa namna yake, akiongeza labda u mbele kwa mzaha; mwenye shahada naye, ambaye hakuzaliwa hapo wala hana ukoo hapo, ndiye atakayemsahihisha.